Mateka wa Vita Akirudi Nyumbani

Katika madaftari yetu ya historia, Vita Kuu vya Pili vya Dunia vilianza Septemba 1939, vikaisha Agosti au Septemba 1945, kwa kadiri mwalimu anavyohesabu: siku Wajapani waliyokubali kushindwa, au siku waliyotia sahihi. Mwanafunzi akiandika hivyo katika mtihani hupata alama zake zote, naye anastahili. Lakini walikuwako watu ambao kwao vita vile havikuisha mwaka 1945, wala 1955, wala 1985. Si kwamba walikataa kuweka silaha chini. Silaha zao zilichukuliwa mapema, wakakaa miaka nyuma ya seng'enge mikononi mwa adui. Kisha wakafunguliwa, wakavishwa nguo safi, wakalishwa, wakarudishwa kwao. Makala haya yanaeleza yaliyowapata baada ya hapo.

Jambo lenyewe haliko mbali nasi kama tunavyodhani. Askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya, walipelekwa Burma kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua na tope, na Desemba 1944 ikafika ukingo wa mto Chindwin. Jeshi walilopigana nalo ndilo lililowashika mateka ninaokusudia kuwaeleza, na reli nitakayoitaja iliishia katika nchi hiyo hiyo ya Burma.

Yafaa kwanza tutofautishe hatari ya vita na hatari ya kushikwa mateka, maana watu wengi huzichanganya. Askari aliye vitani yumo katika hatari kubwa, lakini ana bunduki, ana amri ya kufuata, ana wenzake kuume na kushoto, na hatari yenyewe huja na kupita. Mateka hana kitu mkononi. Chakula chake, usingizi wake, maji yake, hata ruhusa ya kwenda chooni, vyote viko kwa mtu mmoja anayemchukia na anayemwona kila siku uso kwa uso. Risasi ya vitani haimjui mtu jina. Mlinzi wa kambi anamjua. Tena, mfungwa wa jela ameambiwa na hakimu kwamba atakaa miaka mitatu au mitano, naye huihesabu. Mateka hakuambiwa siku. Huenda ni kesho, huenda ni miaka kumi, huenda ni kamwe. Wengi waliopata balaa hili wamesema kwamba kutojua mwisho kuliwatafuna kuliko njaa.

Madaktari walianza kulitazama jambo hili zamani kidogo. Mwaka 1918 daktari mmoja wa Uswisi, Adolf Vischer, aliyekuwa amezitembelea kambi za mateka wa Vita Kuu vya Kwanza, aliandika kitabu juu ya alichokiita ugonjwa wa seng'enge. Aliwakuta watu wasiopigwa wala kushinda na njaa kali, lakini wakawa wenye hasira kwa jambo dogo, wasioweza kusoma kurasa mbili mfululizo, waliosahau majina ya watu wanaowafahamu, na waliomshuku kila jirani. Kwa hiyo hata kambi isiyo na mateso humla mtu.

Ushahidi wa jambo hili tunao hata hapa Afrika Mashariki. Katika vita vya pili Waitalia waliotekwa walifungwa Kenya kwa maelfu, na kambi namba 354 ilikuwa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Januari 1943 watatu miongoni mwao, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka. Msomaji atadhani walikimbilia kwao. La! Walikuwa wameshonashona nguo za baridi na kutengeneza vifaa vya kukwea kwa vipande vya vyuma vilivyookotwa kambini, wakaenda kuupanda mlima. Benuzzi na Balletto walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe na kujisalimisha. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, wakapunguziwa hadi 7 kwa kuwa mkuu wa kambi alivutiwa na ushujaa wao. Baadaye Benuzzi alieleza katika kitabu chake kwamba siku za kambini zilikuwa zimefanana mno hata mtu akaanza kupotewa na nafsi yake. Alitaka kufanya jambo moja alilolichagua mwenyewe. Ni kisa cha kufurahisha, lakini chini yake pana habari nzito: watu watatu waliona ni afadhali kuganda katika theluji kuliko kuendelea kukaa bure.

Sasa tuwatazame wale walioonja yote mawili, seng'enge na mateso.

Tarehe 15 Februari 1942 mji wa Singapore uliangukia mikononi mwa Wajapani, na askari wapata 80,000, Waingereza, Waaustralia na Wahindi, wakawa mateka kwa siku moja. Wengi wao, pamoja na Waholanzi waliotekwa Java, walipelekwa kujenga reli ya kuunganisha Siam, ambayo sasa ni Thailand, na Burma, ambayo sasa ni Myanmar. Njia hiyo ya kilomita 415 ilikata milima na msitu, nayo ilikamilika Oktoba 1943, baada ya kazi ya mwaka mmoja na kitu. Ilijengwa kwa majembe, vikapu na mikono. Mateka zaidi ya 60,000 walifanya kazi pale, na zaidi ya 12,000 wakafa kwa kipindupindu, kuhara damu, malaria, beriberi, donda ndugu na viboko. Vibarua wa Kiasia, Watamil wa Malaya, Waburma, Wajava na wengine, walikufa wengi kuliko hao. Hesabu yao haikuwekwa vema, lakini hukadiriwa kuwa wapata 90,000, na ni haki tuwataje kwa kuwa vitabu vingi huwapita.

Baada ya vita mahakama ya Tokyo ilitaja hesabu ifuatayo. Katika kila mateka 100 wa Uingereza na Marekani waliokuwa mikononi mwa Wajerumani na Waitalia, walikufa 4. Katika kila 100 waliokuwa mikononi mwa Wajapani, walikufa 27. Msomaji aichukue hesabu hii kwa makini, maana itatusaidia mbele.

Sababu mojawapo ya ukali ule ni mafundisho ya jeshi lenyewe. Kanuni iliyotolewa kwa askari wa Kijapani mwaka 1941 ilimwamrisha asikubali aibu ya kutekwa akiwa hai. Basi mlinzi aliyefundishwa kwamba aliyejisalimisha si mtu tena, alipopewa watu elfu waliojisalimisha, aliwaona kama wafu wanaotembea. Mafundisho hayo hayo yaliwageukia Wajapani wenyewe. Wapata 600,000 walichukuliwa na Warusi mwaka 1945 wakafanyishwa kazi Siberia, na waliosalia waliporudi kwao walitazamwa kwa shaka.

Mateka wa reli walipofunguliwa Agosti 1945, wengi walikuwa mifupa mitupu. Katika safari ya kurudi Uingereza walipewa karatasi iliyowaonya wachunge ndimi zao: wasizungumze ovyo mambo ya kambini, kwa ajili ya kuwahurumia ndugu za waliokufa. Nia ilikuwa njema. Madaktari nao waliwaambia wake na mama zao wasiwaulize kitu, na kwamba mtu akila vizuri na kupata kazi atasahau. Wakanenepa, wakapata kazi. Kwa macho ya jirani, mambo yamekwisha.

Mmoja wao aliitwa Eric Lomax, mzaliwa wa Edinburgh, afisa wa simu na redio, aliyependa garimoshi tangu utotoni. Mwaka 1943, katika kambi ya Kanchanaburi, Wajapani waligundua redio ya siri waliyoitengeneza mateka ili wapate habari za dunia. Lomax alipigwa hata mikono ikavunjika. Wawili miongoni mwa maafisa wenzake walipigwa mpaka wakafa. Kisha aliulizwa maswali siku baada ya siku, na katika kuulizwa huko akamiminiwa maji puani na kinywani mpaka karibu afe. Waliomtesa hawakujua Kiingereza. Sauti aliyoisikia wakati wote ilikuwa ya mkalimani kijana, na ndiyo iliyobaki masikioni mwake.

Lomax alirudi mwaka 1945, akaoa upesi, akafanya kazi miaka kadhaa katika nchi ya Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, mwishowe akawa mwalimu wa chuo. Ndani ya nyumba lakini mambo yalikuwa mengine. Usiku aliota yumo gerezani. Karani wa ofisi akimwuliza maswali ya kawaida ya kujaza fomu, moyo wake uliganda kama kwamba yuko mbele ya watesi. Akikasirishwa hakugomba, alinyamaza baridi, akajifungia ndani ya nafsi yake. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika. Mke wake wa pili, Patti, aliyekutana naye ndani ya garimoshi mwaka 1980, ndiye aliyekataa kuambiwa kwamba hakuna kitu, akamhimiza atafute msaada. Hesabu wewe mwenyewe: kutoka 1943 hadi miaka ile ya themanini ni kama miaka arobaini.

Hapo ndipo mwanafunzi huuliza swali la haki: mbona mtu asisahau, ikiwa miaka arobaini imepita na adui hayuko tena?

Nitajibu kwanza kwa habari ya mnyoo. Katika mji wa Liverpool kuna chuo cha maradhi ya nchi za joto, na madaktari wake waliwatibu mateka waliorudi kutoka mashariki kwa zaidi ya miaka hamsini. Waliwapima damu na choo wakakuta katika baadhi yao mnyoo mdogo mno aitwaye Strongyloides, ambaye huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu katika udongo uliochafuka. Mnyoo huyu ana tabia ya ajabu: huzaa humo humo mwilini, na watoto wake huingia tena katika mwili ule ule bila kutoka nje. Kwa hiyo mtu aliyekanyaga tope la Siam mwaka 1943, akaenda kuishi katika baridi ya Uingereza asikanyage tena udongo wa namna hiyo, alikutwa na kizazi cha mnyoo yule yule baada ya miaka zaidi ya thelathini. Hakuumwa sana, aliwashwa ngozi mara kwa mara, akazoea. Sasa, ikiwa mwili waweza kuhifadhi kambi kwa siri muda huo wote, kwa nini tuushangae moyo?

Ubongo wenyewe nao ulidhurika, si kwa mfano bali kwa kweli. Mchele uliokobolewa ukawa mweupe hauna vitamini B1 ya kutosha, na aliyekula huo tu hupata beriberi. Madaktari wawili waliokuwa mateka Singapore, de Wardener na Lennox, walikuwa wakiwatunza wagonjwa wao kwa uangalifu, na mwaka 1947 wakatangaza habari za wagonjwa 52 ambao macho yao yalichezacheza na kumbukumbu zao zikavurugika kwa kukosa vitamini hiyo. Utafiti uliofanywa baadaye Marekani juu ya mateka wa zamani ulionyesha kwamba waliokonda zaidi kambini ndio waliokuwa na taabu zaidi ya kumbukumbu na ya hofu katika uzee.

Lakini walikuwako pia wasiopata beriberi, na bado waliota ndoto. Kwa hao tuseme hivi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, ambayo kazi yake ni kupiga kengele ya hatari. Ikilia, moyo hupiga mbio, misuli hukaza, usingizi hukimbia, kabla mtu hajafikiri. Jirani yake kuna sehemu nyingine ambayo ni kama karani: hulipokea tukio, hulitia tarehe na mahali, hulipanga katika jalada la mambo yaliyopita. Tukio la kawaida hupitia kwa karani. Hofu kubwa inayorudiwa kila siku kwa miaka humlemea karani huyo. Matukio hubaki yametawanyika, hayana tarehe. Basi siku moja mlango ukigongwa kwa nguvu, au harufu ya kidonda ikinukia, au sauti ya lugha fulani ikasikika, kengele hulia, na kwa kuwa tukio halina tarehe, mtu haambiwi, "Hili lilikuwa mwaka 1943." Huambiwa, "Hili ni sasa." Ndiyo maana haifai kumwambia aache kufikiria mambo ya zamani. Yeye hayafikirii, yanamjia.

Waganga wa maradhi ya akili wa Marekani waliyapa mambo haya jina rasmi mwaka 1980, na kwa Kiswahili tunaweza kuyaita maradhi ya kiwewe. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeongeza namna ya pili iliyo nzito zaidi, ya watu walioteswa kwa muda mrefu pasipo njia ya kutoka. Hao, mbali na ndoto na hofu, huharibikiwa na namna wanavyojiona wenyewe, wakajihesabu si kitu, na huona shida kukaa karibu na watu wengine, hata wawapendao.

Je, ni wangapi hupatwa? Mwaka 1997 walitangazwa mateka wa zamani 262 wa Marekani, wa Vita Kuu vya Pili na vya Korea, waliopimwa katika uzee wao. Zaidi kidogo ya nusu, yaani 53 katika 100, walikuwa wamepata maradhi haya wakati fulani wa maisha yao. Katika wale waliokuwa mikononi mwa Wajapani walikuwa 84 katika 100, na 59 katika 100 walikuwa nayo bado siku ile walipopimwa, nusu karne baadaye. Sasa ikumbuke ile hesabu ya mahakama ya Tokyo. Mahali palipoua watu wengi zaidi ndipo palipojeruhi zaidi waliobaki. Habari hii yatosha kumjibu anayesema kwamba waliougua walikuwa na mioyo dhaifu. Mioyo haikuchaguliwa kwa kambi. Kilichotofautiana ni mateso.

Tena kidonda hiki hakifuati desturi ya vidonda vingine. Katika vita vya Oktoba 1973 kati ya Israeli na majirani zake, askari wa Israeli kadhaa walitekwa. Waliokuwa Misri walikaa kama wiki sita, waliokuwa Syria miezi minane. Bibi Zahava Solomon wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, pamoja na wenzake, aliwafuatilia askari hao, akawalinganisha na wenzao waliopigana vita vile vile wasitekwe. Aliwapima mwaka 1991, akawarudia 2003, akawarudia tena 2008. Mtu angetazamia kwamba miaka ikipita watapungua wenye maradhi. Kwa waliotekwa ilikuwa kinyume: waliongezeka. Mtu aliyekuwa mzima katika umri wa miaka arobaini aliugua katika sitini. Sababu si ngumu kuifahamu. Kijana ana kazi, ana watoto wa kusomesha, ana nguvu ya kukimbia kumbukumbu zake. Mzee amestaafu, watoto wametoka, wenzake wanakufa mmoja mmoja, mwili wenyewe unaanza kumtegemea mtu mwingine amlishe na amwoshe, na katika kutegemea huko anaiona tena kambi.

Watafiti hao waliwapima na wake, wakakuta wengi wao wanalala vibaya, wana hofu, wanashtuka, ingawa hawakuiona vita kwa macho. Jambo hili mama zetu hawahitaji kufundishwa na chuo kikuu. Mwanamke anayelala kando ya mtu anayepiga kelele usiku naye halali, na mtoto aliyezoea kutembea kwa ncha za vidole baba yake asije akaamka na hasira, huyo naye amekulia kambini kwa kiasi fulani. Wengi waliotoka reli ya Siam walikataa katakata kuona chakula kikitupwa. Wengine waliweka akiba ya mikate chini ya kitanda. Watoto walicheka au waliudhika, kwa kuwa hawakuambiwa.

Kuna hata uchunguzi wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2018, juu ya wana wa askari wa Kaskazini waliotekwa katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Waliozaliwa baada ya baba zao kurudi kutoka kambi zilizokuwa mbaya kupita zote walielekea kufa mapema kuliko wana wa askari wasiotekwa. Baada ya umri wa miaka 45, hatari yao ilizidi kwa kama sehemu 11 katika 100. Kwa binti haikuonekana hivyo. Wataalamu wanabishana bado kuhusu njia iliyopitisha madhara hayo, nami sitajitia katika mabishano yao.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila mateka lazima aharibike. Mwaka 1973 Wamarekani 591 walirudishwa kutoka Vietnam, wengi wao marubani, na baadhi walikuwa wameteswa vibaya na kufungwa peke yao kwa miaka. Wamepimwa mara kwa mara huko Pensacola, na waliopata maradhi ya kiwewe wamekuwa wachache mno kuliko ilivyotazamiwa. Walikuwa watu wazima waliosoma na kufunzwa, ni kweli. Lakini wao wenyewe husifu kitu kimoja kuliko vyote: ukuta. Katika gereza la Hoa Lo mjini Hanoi walikatazwa kusemezana, basi wakabisha ukutani kwa vidole. Waliipanga alfabeti katika mistari mitano ya herufi tano tano, wakaiacha K na kutumia C mahali pake. Mbisho wa kwanza hutaja mstari, wa pili hutaja nafasi. Neno MAMA, kwa mfano, M iko mstari wa tatu nafasi ya pili, A mstari wa kwanza nafasi ya kwanza; kwa hiyo 3-2, 1-1, 3-2, 1-1. Kwa njia hiyo walifundishana mashairi na hesabu, na aliyerudishwa kutoka kwa watesi, akiwa amesema mengi kuliko alivyotaka, alibishiwa na jirani asiyemwona kwamba wote yamewapata hayo hayo. Wanafunzi wanaweza kujaribu wenyewe bwenini, kabla ya taa kuzimwa.

Tena walipokelewa. Hilo nalo lina uzito, na Afrika tuna mfano wa kinyume chake ulio mchungu. Mwaka 1940 Wajerumani waliwateka maelfu ya askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa. Léopold Sédar Senghor, rais wa kwanza wa Senegal, alikuwa mmoja wao. Novemba 1944 zaidi ya elfu moja miongoni mwao walirudishwa Dakar, wakawekwa katika kambi ya Thiaroye. Walidai malipo yao ya miaka ya utekwa. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944 walipigwa risasi na jeshi lile lile walilolitumikia. Serikali ya Ufaransa ilitaja wafu 35, wanahistoria wengi huona hesabu hiyo ni ndogo mno, na mwaka 2024 rais wa Ufaransa alikiri kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki. Katika sinema ya Ousmane Sembène juu ya kisa hiki, iliyotoka mwaka 1988, yumo askari asiyeweza tena kusema, aliyetoka kambi ya Wajerumani. Akifika Thiaroye, anaishika seng'enge kwa mikono yake. Wenzake wanamwambia yuko Afrika sasa, amefika kwao. Kumbe mwehu ndiye aliyeona sawasawa.

Waingereza walijaribu jambo la busara mwaka 1945, ingawa lilidumu muda mfupi. Walifungua vituo vya kuwasaidia mateka waliorudi kuzoea maisha. Mtu alikwenda kwa hiari, akakaa wiki kadhaa, siku za mapumziko akienda kwao, akatembelea viwanda kuona kazi, akajifunza tena kuchagua mwenyewe chakula na saa zake. Waliofaidika walikuwa maelfu, lakini wengi zaidi hawakwenda. Malipo nayo yalichelewa: katika miaka ya hamsini mateka wa mashariki alipata kama pauni 76, na ni mwaka 2000 tu Serikali yao ilipoamua kumpa kila aliye hai, au mjane wake, pauni 10,000. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Siku hizi daktari humsaidia mgonjwa kulisimulia tukio polepole, mahali pa salama, mara nyingi, mpaka yule karani wa ubongo apate nafasi ya kulitia tarehe. Dawa huwafaa baadhi. Kumshurutisha mtu aseme yote kwa mara moja hakufai, na huenda kukadhuru. Nyumbani, wale wanaokaa na mtu wa namna hii wamejifunza mambo madogo: kumwamsha kwa kumwita jina kutoka mbali na si kwa kumtikisa, kutomjia kwa nyuma, kutouliza swali juu ya swali, na akianza mwenyewe kusema, kuacha kazi na kuketi.

Lomax alisaidiwa na taasisi ya London iliyowatibu watu walioteswa. Tena mwaka 1989 alipata gazeti lenye habari za Mjapani aitwaye Nagase Takashi, akamtambua: ni yule mkalimani. Nagase naye hakuwa amelala. Mara baada ya vita alikuwa ametumwa na Waingereza kuyatafuta makaburi kando ya reli, akahesabu misalaba kwa macho yake, na tangu hapo, kwa maneno yake mwenyewe, alimwona mara kwa mara yule mateka akimiminiwa maji. Patti alimwandikia barua, naye akajibu. Mwaka 1993 wanaume hao wawili, wote wamezeeka, walikutana Kanchanaburi karibu na daraja la reli. Lomax alikuwa amekaa miaka mingi akitamani kumwua. Nagase aliinama, akatetemeka, akalia, akasema anasikitika sana. Na yule aliyeteswa ndiye aliyejikuta anamtuliza. Baadaye, huko Japani, Lomax alimpa barua ya kumsamehe. Nagase alifariki mwaka 2011, na Lomax akamfuata Oktoba 2012, naye ana umri wa miaka 93.